Sura ya Sita: Oktoba Kando ya Finger Lakes

Safari hii ianzie Corning, mji mdogo wa kusini mwa jimbo la New York, na ianze wiki ya pili au ya tatu ya Oktoba. Wasafiri wengi huanzia Ithaca, kwa kuwa ndiko maporomoko yalikojazana, na Corning huibakiza iwe pa kujificha siku ya mvua. Nadhani wanajinyima. Hii ni nchi ya Finger Lakes, maziwa 11 marefu na membamba yanayolala kutoka kusini kwenda kaskazini, na humu maporomoko, ndege na makumbusho havitenganishiki. Vyote vimepitiwa na mkono wa maji yale yale. Anayeyafuata maji kwa mpangilio hupata safari moja. Anayerukaruka hupata picha nzuri na maswali mengi.

Makumbusho ya Corning Museum of Glass yalifunguliwa mwaka 1951 na kampuni ya vioo ya mji huo, na ndani yake mna kazi za kioo za miaka 3,500, kuanzia Misri na Mesopotamia ya kale. Mna vyombo vya Kirumi, mna taa ya msikiti, mna mambo ya kutosha kukushinda kwa siku nzima. Ila nenda kwanza kwenye duara la kioo lenye kipenyo cha mita 5 na uzito wa tani 20. Lilimiminwa tarehe 25 Machi 1934, likusudiwe kuwa kioo cha darubini ya Palomar kule California. Joto likang'oa sehemu za kalibu, zikaelea juu ya kioo cha moto, na duara likabaki na kasoro hadi leo. Mafundi wakarudia Desemba mwaka huo huo. Hilo la pili likatiwa tanurini lipoe polepole, chini ya nyuzi moja kwa siku, kwa muda wa miezi kumi hivi, maana kioo kikubwa kikipozwa haraka hupasuka.

Kisha ikaja mvua ya Julai 1935. Mto Chemung ukafurika, maji yakafika kiwandani, na umeme wa tanuri ukakatika kwa siku kadhaa wakati mitambo yake ikihamishwa kuokolewa. Duara lilinusurika. Mwaka 1936 likapakiwa kwenye treni iliyokwenda mwendo wa taratibu mpaka California, na mwaka 1948 darubini ikazinduliwa. Ulilolitazama Corning ni lile la kwanza, lenye kasoro, na kwa macho yangu ndilo linalofundisha zaidi, kwa sababu unaona upande wa nyuma mashimo yaliyoachwa makusudi kupunguza uzito, na unaona pia pale mambo yalipoharibika.

Mto huo ulirudi. Juni 1972 mabaki ya kimbunga Agnes yaliifurisha Chemung tena, na usiku wa kuamkia tarehe 23 maji yaliingia ndani ya makumbusho yenyewe, yakapanda zaidi ya mita moja na nusu. Kati ya vitu 13,000, vilivyoumia ni 528. Vitabu vya maktaba vililowa kwa maelfu, na wafanyakazi wakavigandisha kwenye friza ili ukungu usivile kabla ya kupata nafasi ya kuvikausha kimoja kimoja. Tarehe 1 Agosti milango ilikuwa wazi tena.

Usiondoke bila kuketi kwenye ukumbi ambamo mafundi hufua kioo mbele ya watu. Fundi anazamisha bomba la chuma tanurini, analizungusha, analitoa likiwa na donge la rangi ya chungwa linalong'aa. Haruhusiwi kuacha kuzungusha. Akisita kidogo tu, donge linaanza kulegea upande mmoja. Anapuliza mara moja, kisha anaziba tundu la bomba kwa kidole gumba. Hewa aliyoifungia inapata joto, inatanuka, na donge linaumuka lenyewe wakati yeye ameshaondoa mdomo. Watoto huwa wa kwanza kuliona hilo.

Kutoka Corning kwenda Watkins Glen kwa barabara ya 414 ni chini ya saa moja. Katikati ya njia unavuka mgongo wa nchi ambao hutauhisi hata kidogo kwenye usukani. Maji ya Corning huenda kusini, yakaingia mto Susquehanna na kumwagika ghuba ya Chesapeake. Ukishauvuka mgongo huo, kila kijito unachokiona kinaelekea kaskazini, Ziwa Ontario. Hapo ndipo hadithi ya barafu inapoanza.

Barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita moja ilishuka mara kadhaa kutoka Kanada, ikaingia katika mabonde ya mito iliyokuwapo, ikayakwangua kwa kina cha kutisha. Ziwa Seneca lina kina cha mita 188, na sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari, ingawa bahari iko mamia ya kilomita mbali. Mabonde makubwa yalichimbwa hivyo. Vijito vya pembeni havikuchimbwa. Barafu ilipoyeyuka, vijito hivyo vilijikuta vinaning'inia juu ya kingo, na njia pekee ya kufika ziwani ikawa ni kuporomoka. Ndiyo sababu maporomoko ni mengi kiasi hiki: kila kijito kinachoingia Seneca au Cayuga kutoka ubavuni kina deni la kushuka, na kimekuwa kikilipa kwa takriban miaka 12,000 kwa kukata mwamba.

Watkins Glen ndipo pa kuona malipo hayo kwa karibu. Njia ya bondeni ina maporomoko 19 na ngazi 832, katika mwendo usiofika kilomita nne. Mwamba ni wa matabaka membamba, yaliyopangana kama chapati kwenye hotpoti, na kila tabaka lilikuwa tope la chini ya bahari miaka milioni 380 hivi iliyopita. Maji yamechonga beseni za mviringo, moja ikimwagia nyingine, na kuta zimepindwa kwa ulaini ambao mtu hautarajii kwenye jiwe. Sehemu mbili njia hupita nyuma ya maji yenyewe. Hapo Oktoba jiwe huwa baridi na utelezi, majani ya njano yamebandika kwenye ngazi, na matone yanakupiga bega la upande wa nje. Vaa viatu vyenye kushika. Na usichelewe: baridi ikiingia, kwa kawaida karibu na mwanzo wa Novemba, njia hii hufungwa mpaka majira ya kuchipua.

Mwandishi wa habari aitwaye Morvalden Ells ndiye aliyeifungulia watalii mwaka 1863, na jimbo likainunua mwaka 1906. Ile mvua ya Julai 1935, ile ile iliyotishia tanuri la Corning, ilizoa ngazi na kingo za zege. Njia unayoitembea leo ilijengwa upya na Civilian Conservation Corps, mpango wa Rais Roosevelt uliowapa kazi vijana waliokosa ajira katika mdororo mkuu wa uchumi. Badala ya kurudisha zege tupu walitumia mawe ya hapo hapo, yafuate mkunjo wa ukuta. Kazi yao imekaa vizuri sana hivi kwamba wengi hupita wakidhani imekuwapo tangu zamani. Liweke jina la vijana hao akilini, tutawakuta tena kilomita nyingi kaskazini, tope likiwa magotini.

Sasa majani. Wageni huja kwa ajili yake, na wana haki. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani inayovuna mwanga, na njano iliyokuwamo muda wote hujitokeza. Nyekundu ni jambo jingine: hiyo hutengenezwa upya, kutokana na sukari iliyobaki jani linapofungiwa njia ya kurudi kwenye tawi. Mchana wa jua ukifuatiwa na usiku wa baridi isiyogandisha, nyekundu hukolea. Mti unaofanya hivyo kwa uzuri kuliko yote ni mepo, ule ambao utomvu wake huchemshwa kuwa shira. Maziwa haya huhifadhi joto la kiangazi, kwa hiyo miti ya kando ya maji huchelewa kugeuka kuliko ya vilimani, na ndiyo maana mizabibu imestawi kwenye miteremko hiyo. Mwezi huu ni wa mavuno. Ukishusha kioo cha gari karibu na shamba la zabibu nyeusi, harufu itakufikia kabla hujaliona shamba.

Ithaca ni mji wa chuo kikuu cha Cornell, mojawapo ya vyuo vya Marekani ambako Kiswahili kinafundishwa. Nitataja mawili tu. Museum of the Earth, iliyofunguliwa 2003, ina mifupa ya mastodoni, ndugu wa kale wa tembo, aliyechimbuliwa kwenye kidimbwi cha nyumba ya mtu huko Hyde Park, na mifupa ya nyangumi wa Atlantiki aliyekufa 1999 akiwa amenaswa na zana za uvuvi. Ukisimama kati ya hao wawili huhitaji maelezo marefu. La pili ni Cornell Lab of Ornithology, taasisi iliyoanza 1915, ambayo tangu 2002 inaendesha eBird, daftari la ndege la dunia nzima. Waongoza watalii wa Arusha na Naivasha huandika humo kila siku. Njia za msituni za taasisi hiyo ni za bure na tambarare, zinafaa kwa wazee.

Kisha nenda Taughannock, kilomita 13 kaskazini ya mji. Maji yanaanguka mita 65 kwa mkupuo mmoja, mita 10 zaidi ya Niagara, ingawa kwa wingi hayakaribiani kabisa. Njia ya chini ni tambarare, kilomita 1.2, na kuta zinapanda pande zote mpaka mita 120. Tembea taratibu, kwa sababu urefu wa njia hiyo ndio hadithi yenyewe. Mwanzoni poromoko lilikuwa ziwani. Juu kuna mwamba mgumu, chini yake mwamba laini; maji na baridi hula ule wa chini, wa juu unabaki bila mhimili, unavunjika, na poromoko linarudi nyuma hatua nyingine. Umbali wote uliotembea, limerudi hivyo tangu barafu ilipoondoka. Rundo la mawe yaliyovunjika liko palepale miguuni pa maji, na serikali ya jimbo inakataza kutoka nje ya njia kwa sababu mawe bado yanaanguka. Mvua ikikosekana Septemba, maji huwa uzi mwembamba. Subiri siku mbili baada ya mvua ya Oktoba.

Barabara ya 89 inakwenda kaskazini ikiwa na Ziwa Cayuga upande wa kulia. Ng'ambo ya maji zilikuwa bustani za mipichi na mashamba ya mahindi ya Wacayuga, mojawapo ya mataifa ya muungano wa Haudenosaunee. Septemba 1779, mahindi yakiwa shambani, jeshi la Jenerali Sullivan lilipita kwa amri ya George Washington, likachoma vijiji zaidi ya 40 vya mataifa hayo na kukata miti ya matunda. Majira yalichaguliwa kwa sababu: bila mavuno, watu wasingeweza kuupita msimu wa baridi. Mtu anayeisifia Oktoba ya hapa anapaswa kulijua hilo akiwa barabarani, maana vibao vya kando ya njia huyataja mambo haya kwa ufupi mno. Wacayuga bado wapo, na wanaendelea kudai ardhi yao kando ya ziwa hili.

Jua likishuka, punguza mwendo. Oktoba na Novemba ni msimu wa kulungu kupandana, na dume akimfuata jike hatazami gari. Ukipita Romulus, angalia ule ua mrefu wa iliyokuwa ghala la silaha la Seneca Army Depot. Ulipojengwa mwaka 1941 ulifungia kulungu ndani, na miongoni mwao wamezaliana weupe pe, ambao pengine huonekana wakila majani karibu na waya.

Mji wa Seneca Falls umebeba jina la maporomoko ambayo hayapo. Mto Seneca ulikuwa ukishuka hapa kwa hatua kadhaa, nguvu hiyo ikaendesha viwanda, na viwanda vikavuta wafanyakazi, wakiwamo mabinti walioshona glavu na kufuma soksi. Katika mji wa namna hiyo, tarehe 19 na 20 Julai 1848, watu takriban 300 walikutana katika kanisa la Wesley kudai haki za wanawake. Watu 100 walitia sahihi tamko, wanawake 68 na wanaume 32. Kipengele cha haki ya kupiga kura kilitaka kuanguka, hadi Frederick Douglass, mpigania uhuru wa watumwa aliyefika kutoka Rochester, aliposimama kukitetea. Mmoja wa waliotia sahihi, mshona glavu Charlotte Woodward, alikuwa bado hai mwaka 1920 wanawake wa Marekani walipopata kura. Jengo la kanisa lilikuja kuwa ukumbi wa maonyesho, gereji, na hatimaye dobi la mashine za sarafu, kabla ya kuwa sehemu ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1980. Ingia, kaa kwenye benchi. Matofali ya zamani yameachwa wazi ukutani yajitenge na mapya.

Na maporomoko? Mwaka 1915 matishari ya mfereji yalihitaji njia ya kina. Serikali ikajenga bwawa na malango ya kuinua na kushusha vyombo kwa mita 15 hivi, ikabomoa au kuhamisha majengo zaidi ya 100, na maji yakafunika maporomoko, viwanda na mitaa. Ziwa dogo lililotulia mbele ya mji, watu wanakopiga makasia, ndilo kaburi lake.

Mfereji huo huo uliua kitu kikubwa zaidi. Kilomita 8 mashariki, kwenye kichwa cha kaskazini cha Ziwa Cayuga, palikuwa na kinamasi cha maelfu ya hekta, kituo cha mamilioni ya mbawa zinazohama kati ya Kanada na kusini. Mnamo 1910 na 1911 bwawa na lango vilijengwa kwenye mdomo wa ziwa, mto ukashuka kwa zaidi ya mita mbili, na kinamasi kikakauka. Mwaka 1937 serikali ya shirikisho ilinunua sehemu ya ardhi hiyo, na vijana wa Civilian Conservation Corps wakaletwa na majembe kujenga matuta ya udongo ya kuyazuia maji yasitoroke. Mwaka 1938 pakawa hifadhi: Montezuma National Wildlife Refuge.

Kwa hiyo unachokiona leo si pori lililosahauliwa na watu. Ni kinamasi cha kufanyiwa kazi kila mwaka. Wahifadhi hushusha maji kiangazi ili mimea ya mbegu iote kwenye tope, kisha hufungulia maji yajae tena kabla ya makundi ya Oktoba kufika na njaa. Ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote kwenye njia hii, na hufanyika huku malori ya barabara kuu ya I-90 yakinguruma pembeni.

Njia ya magari ina urefu wa kilomita 5 hivi, na isipokuwa kwenye vituo vilivyoruhusiwa hushuki garini. Aliyewahi kuingia Ngorongoro anajua sababu: ndege hulizoea gari na kumkimbia mtu mwenye miguu miwili. Zima injini, shusha vioo. Saa moja kabla ya machweo bata bukini huanza kurudi kutoka mashamba ya mahindi yaliyovunwa, safu baada ya safu, na kelele zao hutangulia. Wakiwa juu ya maji bado wana kasi na kimo kikubwa mno. Hapo baadhi hufanya jambo la ajabu: mwili unapinduka ubavu, mara nyingine mgongo unaelekea chini kabisa huku kichwa kikibaki wima, hewa inamwagika kutoka mbawani, na ndege anashuka mita kadhaa kwa mpigo kabla ya kujiweka sawa na kutanguliza miguu. Ukimkazia macho bukini mmoja tangu anapotokea hadi anapogusa maji, utaona zaidi ya anayehesabu elfu.

Inua macho pia kwenye miti mikavu. Tai mwenye kichwa cheupe, ndugu wa karibu wa furukombe wetu wa Ziwa Viktoria, alikuwa karibu kutoweka New York. Sumu ya DDT iliyopulizwa mashambani ilipita kwa samaki ikamfikia yeye, maganda ya mayai yakawa membamba yakapasuka chini ya mama. Katika miaka ya 1970 jimbo zima lilikuwa limebakiwa na jozi moja iliyokuwa ikitaga, kwenye Ziwa Hemlock, na mayai hayakufaulu. DDT ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972. Kuanzia 1976 hadi 1980, vifaranga 23 kutoka majimbo mengine waliletwa Montezuma na kuwekwa juu ya minara, wakalishwa na watu waliojificha ili wasimzoee binadamu, kisha wakaachiliwa walipoweza kuruka. Mbinu hiyo ilitoka kwa wafugaji wa kipanga. Mwaka 1980 jozi ya tai walioachiliwa ililea vifaranga wake kaskazini mwa jimbo. Kazi ikahamia sehemu nyingine hadi 1988, ikafikisha tai 198, wengi wao wakiwa wametoka Alaska, nchi iliyonunuliwa kwa Urusi mwaka 1867 na waziri wa mambo ya nje ambaye nyumba yake iko kilomita 20 tu kutoka kwenye minara hiyo.

Huyo ni William Seward, na mji ni Auburn. Nyumba yake ni makumbusho mazuri, yenye samani zake mwenyewe. Ila ukiwa na muda wa nyumba moja, pita mlangoni pake ufuate barabara ya South Street hadi kwa Harriet Tubman.

Tubman alizaliwa utumwani Maryland karibu na mwaka 1822, akatoroka 1849, kisha akarudi mara 13 hivi kuwatoa watu wapatao 70. Sheria ya 1850 ilimfanya yeyote aliyemsaidia mtumwa aliyetoroka kuwa mhalifu, hata katika majimbo ya kaskazini. Mwaka 1859, sheria hiyo ikiwa na nguvu zote, Seward, aliyekuwa seneta, alimuuzia Tubman ekari saba na nyumba kwa malipo ya kidogo kidogo. Tubman akawaleta hapo wazazi wake wazee kutoka Kanada. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliongoza, Juni 1863, uvamizi wa mto Combahee uliowakomboa watu zaidi ya 700, kisha akarudi Auburn kulima, kupokea wageni na kuwalisha waliokosa pa kwenda.

Hifadhi ya taifa yenye jina lake iliundwa Januari 2017. Waongozaji wake huelezea vizuri, na wengi wa wageni ninaowaona huja na watoto. Familia nyingi kutoka Kongo na Burundi, pamoja na Wabantu wa Somalia, zinaishi Syracuse, chini ya saa moja kwa gari. Ningependa kila moja ipafike. Hapa huna poromoko wala ndege. Una nyumba ya matofali, miti ya zamani, na jengo jeupe la mbao ambalo alilipigania kwa miaka mingi liwe makao ya wazee Weusi wasio na mtu. Ardhi yake aliinunua mnadani 1896, akaikabidhi kwa kanisa la AME Zion mwaka 1903, na makao yakafunguliwa 1908. Yeye mwenyewe aliingia kutunzwa humo mwaka 1911, miaka miwili kabla ya kufariki. Panga kufika asubuhi, kwa kuwa ndani huingii bila mwongozaji.